Mbwa Ananituliza, Shangazi Nina Tatizo?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, kwenye jibu la mama mmoja wa Hombolo aliyekuwa hapati usingizi, kwamba kukaa na mnyama kunatuliza moyo. Basi mmeniandikia hadi nimeshangaa, wapo mliokubali, wapo mlionicheka, na mmoja kaniuliza kama siku hizi nimehamia Ulaya. Kwaiyo leo ni mbwa mwanzo mwisho, wenye maswali ya ndoa vumilieni.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mtumishi wa serikali, nina miaka 41, nilikuja Dodoma na ile hamahama ya serikali, mke na watoto wamebaki Dar sababu ya shule na biashara ya mama yao. Nimepanga Nzuguni. Kwenye nyumba nilikuta mbwa kaachwa na mpangaji aliyepita, sikio moja limekatika, nikawa namtupia makombo tu basi. Sasa imekuwa hivi, nikitoka ofisini kule mji wa serikali Mtumba jioni kichwa kinapasuka na mafaili na vikao, nakaa pale kibarazani hata mlango sijafungua, navua viatu, huyu mbwa anakuja anaweka kidevu juu ya mguu wangu anatulia hivyo hivyo, hafanyi kitu, ananiangalia tu. Namkuna nyuma ya lile sikio, muda kidogo nasikia mabega yanashuka. Usiku nalala vizuri. Nilikuwa napitia baa kila siku, saivi sikumbuki mpaka wanipigie. Shida niliwasimulia wenzangu ofisini, sasa wananiita Baba Mbwa na wanasema watanipeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hii kitu ni ya kweli au nimeanza kuchanganyikiwa?* Baba Mbwa, Nzuguni

Marahaba mwanangu. Hujachanganyikiwa, na hao wenzako wangejua wanachokicheka wangeomba zamu ya kukaa hapo kibarazani.

Mtu akiwa na stresi mwili unamwaga homoni inaitwa kotisoli, moyo unaenda mbio, presha inapanda, shingo na mabega vinakaza, ndo huo mzigo unaotoka nao Mtumba kila jioni. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Afrika Kusini, Odendaal na Meintjes, walitoa majibu ya utafiti wao ambapo watu walikaa na mbwa kwa utulivu, mtu anampapasa mbwa na kuongea naye taratibu, halafu wakapima damu za wote, za watu na za mbwa. Oksitosini, ile homoni inayotoka hata mama anaponyonyesha, ilipanda kwa pande zote mbili, na kotisoli ikashuka kwa watu. Kwa mbwa haikushuka hivyo, hapo naomba mpashike maana nitaparudia. Halafu 2015 Wajapani wa Chuo Kikuu cha Azabu nao wakaonyesha kwamba mbwa na mfugaji wake wakiangaliana machoni kwa muda, oksitosini inapanda kwa wote wawili, ila walipojaribu kwa mbwa mwitu waliolelewa na watu haikutokea. Siongelei hawa wetu wenye mabaka wa kule Ruaha, ni wale wa nchi za baridi ambao ndio ukoo wa karibu wa mbwa wa nyumbani. Mbwa wa kufugwa kaishi na binadamu zaidi ya miaka 14,000 bwana, kausoma uso wa mtu mpaka kauhitimu. Kwaiyo huyo wako unayesema hafanyi kitu, ananiangalia tu, hapo ndo yuko kazini.

Ila homoni tusizipe sifa zote. Angalia na wewe unachofanya: unakaa chini kabla ya kufungua mlango, simu iko mfukoni, mkono unafanya kitu kimoja polepole, na hakuna anayekuuliza barua fulani imefikia meza ya nani. Bila huyo mbwa ungepitiliza kitandani na simu yako, au ungekuwa baa. Amekukalisha, na kukaa kwenyewe ni nusu ya dawa.

Sasa ile kotisoli ya mbwa. Ninachotaka watu wa Dodoma wanielewe ni kwamba utulivu huu haupatikani kwa mbwa yeyote tu, unapatikana kwa mbwa ambaye na yeye katulia. Kwetu mjini hapa mbwa wengi tumewafanya kengele za geti, mchana kutwa kafungwa mnyororo chini ya mwarobaini, jua linamfuata kila kivuli kinapohamia, sufuria ya maji imejaa vumbi la upepo wa Julai, usiku ndo anafunguliwa abweke, na watoto wakipita wanamrushia mawe. Mbwa wa hivyo ana stresi kukuzidi. Ukimshika anakakamaa, analambalamba midomo na hajala kitu, anapiga miayo na hana usingizi, anageuza uso pembeni, mkia kaufyata, na usipomsoma hapo kinachofuata ni meno. Hapo hakuna kutulizana, mnaogopeshana tu. Halafu mwenye nyumba analalamika "mbwa wangu mkali, hana upendo". Upendo atautolea wapi? Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, inakataza kumtesa mnyama, ila ukiitaja mtaani watu wanakuangalia kama umetaja sheria ya mwezini.

Wako alikuja mwenyewe kwa miguu yake, akakukuta umekaa chini, hujamwita wala hujamvuta, ndo maana imekubali. Usije ukamharibu kwa kumfunga ati sasa ni mbwa wako rasmi.

Mambo mawili ya haraka. Historia yake huijui, kwaiyo wiki hii hii muone daktari wa mifugo wa kata achomwe chanjo ya kichaa cha mbwa, na irudiwe kila mwaka, apewe na dawa ya minyoo. Na yale mapafu na maini mabichi ya machinjioni usimpe, kuna minyoo anaitoa humo na anaweza kukuletea wewe, chemsha kwanza.

La pili ni mama watoto. Mbwa anaujua uso wako ila ada ya mtoto haijui wala hajui mkeo kashindaje. Mpigie ukiwa hapo hapo kibarazani umeshatulia, utaongea kama mume, maana ukipiga ukiwa bado na hasira za kikao yeye anasikia sauti ya bosi. Na treni ya SGR ipo, Ijumaa jioni nawaona wenzako wamejaa stesheni na vibegi vyao, jumuika nao. Jirani amwekee huyo mbwa maji na ugali hizo siku mbili.

Wanaokutishia Mirembe waambie ile ni hospitali ya taifa, watu wanaenda, wanatibiwa, wanarudi kazini. Mimi utani huo sijawahi kuupenda.

*Asalaam aleikum Shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, baba yake alifariki mwaka jana, tangu hapo kawa kimya, hata mwalimu kalalamika. Jirani yetu Mkristo ana mbwa jike mkubwa mpole, juzi nimemkuta mtoto kwenye uzio anamsimulia yule mbwa habari za baba yake, vitu ambavyo mimi hajawahi kuniambia hata kimoja, nikalia. Sasa mama mkwe anasema mtoto anajinajisi, na mimi mwenyewe naogopa kichaa cha mbwa. Nimkataze?* Mama wa Majengo

Waaleikum salaam mwanangu, na pole sana kwa msiba, mwaka mmoja ni juzi tu.

Usimkataze. Kule New York kulikuwa na mwanasaikolojia wa watoto anaitwa Boris Levinson, siku moja mtoto aliyekuwa mgumu kufunguka aliletwa mapema kabla ya muda wake, akamkuta mbwa wa daktari anaitwa Jingles yuko ofisini, mtoto akaanza kucheza naye na kufunguka. Levinson akalifuatilia jambo hilo, mwaka 1962 akaandika makala kuhusu mbwa kama msaidizi wa tiba, wenzake wengine wakamcheka kama wanavyomcheka Baba Mbwa wa Nzuguni. Leo wapo wataalamu nchi nyingi wanaofanya kazi na mbwa waliofundishwa, mahospitalini, mashuleni, hadi kwenye nyumba za wazee.

Kwa nini mtoto anamwambia mbwa na wewe mama hakwambii? Nakuomba usiumie. Mtoto wa miaka 9 anajua akimtaja baba mama atalia, kaliona hilo msibani na kaliona baada ya msiba, kwaiyo anakulinda. Mbwa hamlilii, hamwambii "nyamaza wewe ni mwanaume", hamuulizi swali la pili. Anasikiliza mpaka mwisho na akichoka analala, hadithi inaendelea. Kwaiyo pale uzioni mtoto anajifunza kuyatamka maneno kwa mara ya kwanza mahali ambapo hayamuumizi mtu, na yakishazoea kutoka yatakufikia na wewe. Usimwambie ulimsikia. Jioni mkiwa mnachambua mchele mtaje baba yake wewe kwanza, kitu cha kuchekesha alichokuwa anafanya, usimuulize chochote. Ukitokwa machozi yaache yatoke halafu uendelee na hadithi, aone kwamba mama akilia haanguki.

Kuhusu najisi mimi sio shekhe, muulize wa msikitini kwenu, ila ninavyofahamu kwa Mashafii, ambao ndio wengi hapa kwetu, shida iko kwenye mate na unyevu wa mbwa, kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, na palipolowa kuna utaratibu wa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwaiyo aongee naye uzioni, asilambwe, na awe na nguo yake ya kuchezea tofauti na ya kuswalia. Na mama mkwe mkumbushe kwa adabu tu kile kisa cha yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mungu akamsamehe madhambi yake. Bibi anakijua, amesahau tu kwa hasira.

Kichaa cha mbwa sasa, hapo hofu yako ni halali kabisa na nakupa tano. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kuonekana mtu haponi, karibu wote wanakufa, na Shirika la Afya Duniani linasema katika watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 40% ni watoto chini ya miaka 15. Nenda kwa jirani na kisahani cha visheti, mwombe akuonyeshe kadi ya chanjo ya mbwa. Kama hana kadi mtoto asimguse mpaka achanjwe, aongee naye kwa mbali. Mfundishe asimsumbue akiwa anakula, amelala au ana watoto, asimkumbatie shingo maana mbwa wengi hawapendi hata kama wanavumilia, na asimsogezee uso. Aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano. Msipake mafuta ya taa wala unga wa mkaa, na msisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Ukiona miezi inapita na bado chakula hakimpiti, usingizi hapati, au anasema anataka kumfuata baba, usibaki na mbwa tu, mpeleke hospitali akaonane na mtaalamu wa afya ya akili, na hilo la kumfuata baba likitamkwa hata mara moja ondokeni siku ileile.

*Wewe Shangazi, mimi mzee wa Kongwa, nimechunga tangu sijavaa kaptula. Mbwa kazi yake mbuzi na fisi. Hayo ya kumpapasa mbwa uondoe stresi ni mambo ya wazungu na ya watu wenye mishahara. Mbwa akipapaswa anaharibika.* Mzee wa Mbuzi

Mbukwenyi mzee wangu, na shikamoo. Hapo kwenye mbwa wa kazi sibishani na wewe, mbwa anayetoka na mifugo asubuhi akarudi jioni miguu imejaa vumbi ana raha kuliko yule wa bei mbaya aliyefungiwa getini Area D.

Ila nikuulize kwa heshima. Usiku fisi wakilia huko mlimani, unalala? Unalala, kwa sababu mbwa yuko macho. Akibweka ule mbweko wa mtu anapita unageuka upande wa pili, akibweka ule wa fisi unashika fimbo, na kama akinyamaza muda mrefu mno ndo unaamka mwenyewe kuangalia kulikoni. Usingizi wako wote huo mzee umeuweka mikononi mwa mbwa. Sasa huyo mwenye mshahara wa Nzuguni yeye fisi wake yuko ofisini, anakutana naye mchana.

Na kule malishoni kutwa nzima, mbuzi wametawanyika, mtu wa kuongea naye hakuna, usiniambie hujawahi kumsemesha.

*Shkamoo Shangazi, niko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwaka wa pili, UE (mitihani ya chuo) zinakaribia nina pressure mbaya, silali, moyo unadunda. Nimesoma mtandaoni kushika mbwa kunasaidia, hosteli hawaruhusu, ila kuna mbwa koko wanazungukaga kwenye mabanda ya chipsi, naweza kuwazoea hao?* Wa Hosteli

Marahaba. Hao wa chipsi hapana, achana nao kabisa, hujui nani kachanjwa nani hajachanjwa, na mbwa mwenye njaa karibu na mifupa ya kuku hana muda na stresi za mtu.

Ulichosoma ni kweli lakini. Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walifanya utafiti kwa wanafunzi 249, ukatoka 2019, waliopewa dakika 10 tu za kuwashika mbwa na paka kotisoli yao kwenye mate ilikuwa chini kuliko ya waliokaa kuangalia wenzao wakishika, au walioonyeshwa picha, au waliokaa kusubiri zamu. Dakika 10 mwanangu, sio semista. Kwaiyo huna haja ya kufuga, tafuta rafiki aliyepanga kwenye nyumba yenye mbwa aliyechanjwa na aliyezoea watu, nenda jioni. Kaa chini, mpe mgongo wa mkono anuse, akisogea mwenyewe mkune kifuani au ubavuni, usianze kwa kumpiga piga utosini, wengi hawapendi mkono unaotoka juu. Baada ya sekunde kadhaa acha. Akikusukuma kwa pua uendelee, endelea. Akiondoka, muache aende.

Na moyo ukidunda hata baada ya mitihani nenda ukapimwe, na hizo energy drink za saa nane usiku pia uziangalie, maana mbwa hawezi kupambana na hizo.

*Shangazi nina presha, natumia dawa mwaka wa nne. Tangu nimepata mbwa najisikia freshi kabisa, nikipima iko poa. Naweza kuacha dawa?* Mama K, Chang'ombe

Hapana.

Iko poa kwa sababu unameza dawa, na mbwa anasaidia pembeni. Najua kuna utafiti wa Marekani wa 1980, wa Friedmann na wenzake, uliofuatilia wagonjwa 92 wa moyo ukaona waliofuga wanyama wengi zaidi walikuwa hai baada ya mwaka, watu wanausambaza sana wasapu. Ila tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, na hao wagonjwa hawakuambiwa waache dawa. Mnachoweza kufanya na huyo mbwa ni kutembea, kila asubuhi kabla jua halijawa kali, hilo moyo wako utalishukuru. Kupunguza au kubadilisha dawa ni daktari wako tu.

*Mbwa wangu amegongwa na bodaboda akafa, nimekaa naye tangu niko shule. Nalia mpaka kazini, mume wangu anasema sijalia hivi hata kwenye msiba wa mjomba.* Naomba jina lisitajwe

Pole mama. Mjomba ulikuwa unamuona mara ngapi kwa mwaka? Mbwa alikuwa anakupokea getini kila siku, kwaiyo kila jioni ukifika geti linakukumbusha upya, kuna tofauti hapo na wala haina maana hukumpenda mjomba. Lia. Mweleze mumeo hivyo hivyo nilivyosema. Na usikimbilie kuletewa kitoto kingine wiki hii kwa ajili ya kukunyamazisha, kitakuja kufananishwa bure, subiri ukitake mwenyewe.

*Wifi yangu anafuga mbwa, kila nikienda anamfungulia anirukie, anasema nikimzoea stresi zangu zitaisha. Mimi niling'atwa nikiwa mdogo nikimuona tu nabanwa na pumzi. Mume anasema nijikaze kwa ajili ya undugu.* Mwoga, Ipagala

Kwako wewe mbwa ni stresi yenyewe, na mtu anayeogopa hatulizwi kwa kurukiwa. Kila siku ukilazimishwa hofu inakaza zaidi. Wapo wanaotibu hofu hizi kidogo kidogo, kwa mbali, kwa hiari ya mwenyewe, ukitaka siku moja muulize mtaalamu wa saikolojia hospitalini. Kwa sasa mwambie mumeo aongee na dada yake, siku mnayokwenda mbwa awekwe chumba kingine, maji yake na mfupa wake humo humo, na mlango ufungwe kabla nyie hamjashuka kwenye bajaji. Wifi akikataa, mkutaneni kwenu, yeye ndo aje, na mapochopocho umpikie ya kutosha asipate la kusema.